Samaki wa Rambirambi

Sajenti Athumani alichota mchanga kwenye sakafu ya Landrova, akauweka kwenye ncha ya ulimi, kisha akatema.

"Una chumvi," alisema.

Koplo Fanueli, aliyekuwa ameshika daftari, alikunja uso. "Afande, humo wamepanda wagonjwa, mbuzi na kabichi. Nawe unalamba?"

"Andika. Mchanga mweupe, laini, una chumvi."

"Mkuu wa kituo ameshaandika mchanga wa ujenzi. Anasema Danieli alikuwa akiwabebea watu mchanga wa mtoni kwa siri, ndiyo maana gari lilipotea siku nne."

"Mkuu wa kituo hakuulamba."

Ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi, na ukungu wa Lushoto ulikuwa bado umeulalia ua wa polisi. Landrova ile ilikuwa mali ya Ushirika wa Vijiji Tisa. Wanakijiji waliinunua kwa mavuno ya mashamba yao ya pamoja, na wakaiwekea utaratibu ambao hata watoto waliujua. Siku za kazi ilikaa mjini kwenye ofisi ya Ushirika. Kila Ijumaa jioni ilipanda kwenda kulala Mtae hadi Jumatatu, kwa sababu Mtae ndiko mwisho wa barabara na mgonjwa wa huko ndiye aliye mbali na hospitali kuliko wote.

Ijumaa iliyopita haikupanda. Kule Mtae Efrazia, mke wa Sefania, alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua. Waliingoja gari Ijumaa, wakaingoja Jumamosi, na Jumapili alfajiri wanaume wakafunga machela ya miti wakambeba. Alifia njiani kabla ya adhuhuri, yeye na mtoto wake tumboni. Kesho yake saa kumi jioni Danieli, dereva wa gari hilo, alikamatwa akiingia Lushoto na gari tupu. Katibu wa Ushirika, Ndugu Timotheo, ndiye aliyepiga simu kushtaki kwamba dereva ametoroka na gari la umma. Tangu saa ile gari lilifungiwa uani kwa polisi, na Danieli akafungiwa mahabusu. Ijumaa hii, saa tatu asubuhi, alikuwa anapelekwa mahakamani, na kwa hasira iliyokuwa imewajaa watu wa milimani, hakuna aliyetegemea kwamba angerudi kwake.

Athumani alipenyeza mkono chini ya kiti cha nyuma, akatoa kijiti kifupi cha mbao chenye kichwa kipana.

"Cha kuchokolea meno?" Fanueli aliuliza.

"Meno ya ng'ombe, labda. Hiki ni cha kuwekea mpira wa gofu kabla haujapigwa."

"Basi tumempata! Mtoto wa Katibu si anacheza gofu?"

"Anacheza, na gari hili humpeleka mazoezini kila wiki, watu wote wanaona. Katibu atasema kilidondoka mwezi uliopita. Kiandike, lakini usifurahi."

Daftari la safari za gari lilikuwepo, ila ukurasa wa wiki ile ulikuwa umechanwa. Nalo hilo lingeweza kufanywa na yeyote. Athumani alifuta mikono kwa kitambaa, akaenda mahabusu.

Danieli alikuwa amepita miaka hamsini, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu ambaye kwa miaka sita hakuwahi kulikwaruza gari lile. Alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameikunja.

"Shikamoo, mzee," Athumani alisema.

Fanueli alimnong'oneza, "Afande, unamwamkia mahabusu?"

"Mahabusu ni yeye, na mzee ni yeye."

"Marahaba, mwanangu," Danieli aliitikia.

"Nieleze tena. Kwa kifupi."

"Alhamisi niliwapeleka Tanga Katibu, mama Esta na watoto wawili. Huyo Esta alikuwa na mashindano ya gofu ya vijana, Jumamosi."

"Yaliisha saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Nikawasha gari, nikijua jioni tuko Lushoto na usiku nitapanda Mtae. Katibu akasema geuza, twende Pangani, rafiki yangu ana nyumba ufukweni, watoto hawajawahi kuogelea baharini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia Ijumaa imepita na gari halikulala Mtae. Akasema Mtae haihami."

Athumani aliandika maneno hayo yalivyo. "Na Jumapili?"

"Jumapili asubuhi nilimwomba aniruhusu niende peke yangu, nirudi kuwachukua Jumatatu. Akasema Jumapili magari yamezuiwa barabarani, nchi inabana mafuta, na yeye kiongozi hawezi kuvunja amri ya serikali. Nikamwambia amri huanza mchana na sasa ni asubuhi, na tena gari la wagonjwa lina kibali, kimebandikwa pale kiooni. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa kaptula, akaingia majini."

"Na ufunguo?"

"Na ufunguo."

Fanueli alisonya kwa sauti. Athumani hakumkataza.

"Jumatatu?"

"Jumatatu saa saba tulifika Mombo. Katibu alishuka kunywa chai. Hapo mgahawani akasikia habari za Efrazia. Alirudi amebadilika rangi, akasema mama Esta kichwa kinamuuma kwa mtikisiko, wao watapanda basi, mimi nitangulie. Wakashusha mizigo yao yote. Nilipofika kwenye kizuizi cha barabarani Lushoto, nikakuta polisi wananingoja."

"Nani aliwaona pale Mombo?"

"Mombo kuna watu chungu nzima, mwanangu. Nani angenitazama mimi?" Mzee aliikunjua miguu. "Sefania anasemaje?"

"Anasema akikutia mikononi atakuua."

"Ana haki. Ningemnyang'anya ule ufunguo."

Nyumba ya Katibu ilikuwa juu kidogo ya mji, karibu na uwanja wa zamani wa gofu. Enzi za Waingereza Timotheo alikuwa mbeba fimbo katika uwanja huo huo, akitembea nyuma ya wazungu na mkoba begani, akiitwa boi. Uhuru ulipokuja aliapa kwamba mtoto wake atapiga mpira ule badala ya kuubebea watu fimbo, na hapo Athumani hakuwa na ugomvi naye hata kidogo. Kilichomkera ni kwamba mtu aliyejua uzito wa mkoba wa mwenzake sasa alikuwa amewatwisha wengine wa kwake, na katika kila mkutano aliwahubiria kujitegemea.

"Karibu, Ndugu Sajenti! Mama Esta, chai!" Katibu alikuwa mnene, mchangamfu, ngozi ya pua imebambuka kwa jua. Juu ya meza palikuwa na kikombe cha fedha. "Umekiona? Mshindi wa pili, mkoa mzima! Na wa kwanza ni mtoto wa Kihindi aliyezaliwa na fimbo mkononi."

"Hongera. Mlisafirije?"

"Kwa basi, kama wananchi wengine. Gari ni la wagonjwa, Ndugu. Mimi siyo mtu wa kugusa mali ya umma."

"Tiketi mnazo?"

Alikuwa ameziweka tayari ndani ya bahasha. Zilikuwa nne, halisi, zimechanwa pembe na kondakta kama kawaida. Athumani alizigeuza.

"Hizi ni za Mombo hadi Lushoto, Jumatatu. Za kwenda Tanga ziko wapi? Na za kutoka Tanga hadi Mombo?"

"Watoto, bwana. Watoto hupoteza."

"Wakatunza hizi nne tu."

"Ndiyo watoto hao." Katibu alicheka peke yake.

Esta aliingia, msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, akampigia Sajenti goti na kumwamkia. Athumani alimuuliza kama bahari aliipenda. Kabla hajafungua mdomo baba yake alijibu kwamba aliipenda sana, mtoto alistahili kupumzika baada ya ushindi, na sasa arudi akasome. Msichana alirudi chumbani akitazama miguu yake. Dorkasi, mama yake, alileta chai. Nyumba nzima ilinuka papa mkavu.

"Kitoweo kidogo," Katibu alisema alipomwona Sajenti akivuta pumzi. "Kifurushi cha mkononi tu, kwenye basi."

"Naenda Mtae sasa hivi," Athumani alimwambia Dorkasi. "Una neno la kuwapelekea?"

"Waambie nawapa pole tena. Waambie kile nilicho..."

"Sajenti ana haraka," Katibu alimkatiza.

Athumani aliandika maelezo pale pale mezani, akayasoma kwa sauti: mimi Timotheo tangu asubuhi ya Alhamisi sikuliona gari la Ushirika, sikulipanda, wala sikugusa wala kuchukua kitu chochote kilichomo ndani yake, hadi polisi walipolikamata na kulifungia. Alimuuliza kama kuna neno la kusahihisha. Katibu alisema yako sawasawa, akaweka saini yenye mikia mirefu.

Njia ya Mtae iliwachukua saa nne, kwa kona zile na mawe yale, Fanueli akiendesha huku akimlaani kila aliyehusika kuichonga. Kila walipopita palipo na nyumba Athumani alihesabu hatua za watu wanne wenye machela mabegani. Sehemu moja, kwenye mteremko mkali, aliona vipande vya miti iliyofungwa kwa kamba za migomba vimetupwa kando ya njia. Hakuuliza ni vya nini.

Matanga yalikuwa hayajavunjwa. Wanaume waliketi nje kwenye magogo, wanawake jikoni. Sefania, kijana wa miaka thelathini hivi, alisalimia kwa Kishambaa bila kuinua macho, akasema neno moja tu la Kiswahili: "Ameshafungwa?"

"Bado."

"Mnangoja nini?"

"Nangoja kujua nimfunge nani."

Sefania alimtazama kwa mara ya kwanza. Lakini hapo hapo chakula kikaletwa, na mgeni wa msibani hakatai chakula. Ugali, maharage, na juu yake kipande cha samaki mkavu aliyeungwa kwa nazi. Athumani alikula. Nazi ilikuwa na vipande vikubwa, imekatwakatwa kwa kisu, kwa maana huku juu nani ana mbuzi ya kukunia? Alikuwa kwenye tonge la tatu mkono wake uliposita.

"Samaki huyu katoka wapi?" alimuuliza mama yake Sefania, aliyekuwa akigawa maji ya kunawa.

"Ni rambirambi, baba. Mke wa Katibu alikuja nayo mwenyewe juzi, kwa lile basi la Jumanne linalopanda mara moja kwa wiki. Gunia la nazi na samaki. Akalia nasi sana, yule mama. Watu wa pwani ndiyo chakula chao. Sisi harufu inatushinda, ila mtu akikuletea msibani huwezi kutupa."

"Gunia zima? Siyo kifurushi?"

"Vijana wawili walilishusha. Na samaki alikuwa mbali, amefungwa kwenye shuka la marehemu."

Athumani aliweka sahani chini taratibu. "Shuka lipi la marehemu, mama?"

Ajuza alikwenda ndani, akarudi na kitambaa kizito cha marekani kilichokunjwa mara nne. Alikikunjua mapajani mwake. Lilikuwa shuka la machela, lile la kumlazia mgonjwa ndani ya Landrova. Gari liliponunuliwa, wanawake wa kila kijiji walishona jina la kijiji chao kwenye pindo kwa uzi mwekundu, majina tisa, na tangu siku hiyo shuka halikuwahi kutoka garini ila limembeba mtu. Jina la Mtae lilikuwa pembeni, limeshonwa kwa mkono uliotulia. Doa la mafuta ya papa lilikuwa limelifunika nusu.

"Alilishona Efrazia jina hilo," mama alisema. "Tulidhani mke wa Katibu katuletea kwa heshima, tuwe na kumbukumbu. Nimelichovya majini mara moja tu, harufu haikutoka."

Kwenye mshono wa pindo Athumani aliona chembe nyeupe za mchanga. Safari hii hakulamba. Aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba hadi migombani, akakitapika chakula chote, ugali, maharage na samaki, mpaka machozi yakamtoka. Fanueli alimkuta ameshika mgomba.

"Afande, unaumwa?"

"Siumwi. Nimekula chakula cha Timotheo."

Aliporudi alimweleza Sefania mambo yote, moja baada ya jingine, bila kupunguza: Tanga, kikombe, Pangani, ufunguo majini, Mombo. Sefania alisikiliza hadi mwisho. Kisha alivaa koti lake, akapanda gari la polisi bila kuambiwa, shuka likiwa mapajani.

Walifika kwa Katibu jua linazama. Athumani aliliweka shuka mezani, kando ya kikombe cha fedha, akalikunjua. Sefania alisimama mlangoni.

"Ndugu Katibu, unalijua hili?"

"Shuka. La gari. Huyo Danieli aliiba na shuka pia?"

"Gari limefungwa uani kwetu tangu Jumatatu saa kumi, na ufunguo ninao mimi. Jumanne shuka hili lilikuwa Mtae, limefungiwa samaki uliowanunua wewe baharini. Umetia saini kwamba hukugusa kitu cha gari hili. Lilitokaje humo likaingia kwenye mzigo wako?"

"Pengine Danieli alimpa mtu..."

"Danieli alikuwa mahabusu, na aliyelipeleka Mtae ni mkeo. Mlipohamisha mizigo Mombo, mlishusha samaki kama walivyofungwa. Ulikuwa na haraka ya kutafuta simu, hukutazama wamefungwa na nini."

Katibu alimgeukia mkewe, na uso wake ambao asubuhi ulikuwa wa kicheko ukavimba kwa hasira. "Dorkasi! Nani alikutuma kupeleka samaki Mtae? Nani?"

Dorkasi alikuwa amesimama na kitambaa cha jikoni mkononi. "Ulitaka niende msibani mikono mitupu?"

"Nilikuambia usiende kabisa!"

"Watu wamefiwa kwa ajili yetu, baba Esta. Ningekaa hapa nile papa? Nililiona shuka tangu Pangani, ulipofungia samaki wako. Nilikuambia hilo ni la wagonjwa, ukasema litafuliwa." Alimgeukia Athumani. "Mzee Danieli alimwomba, nilimsikia kwa masikio yangu. Alimwomba mara mbili. Andika, baba, nitaweka saini yangu."

Chumbani Esta alikuwa akilia kwa sauti ya chini. Katibu alijitupa kitini. Alimtazama Sajenti, akamtazama Sefania pale mlangoni, na hata sasa hakuweza kutamka neno pole.

"Jamani, mtoto alikuwa hajawahi kuogelea baharini," alisema.

Athumani alijiona anataka kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu. Alimwambia Fanueli atoe pingu.

Kituoni Danieli alitolewa mahabusu. Alipomwona Sefania kwenye baraza alisimama pale pale, mikono imeninginia, akingoja lolote litakalokuja. Sefania alimwendea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Danieli aliitikia marahaba. Walishikana mikono, wakakaa kwenye benchi mpaka Fanueli alipomaliza kuandika karatasi ya kielelezo na kuifunga kwenye shuka kwa uzi. Athumani aliisoma: shuka moja la machela, la marekani, lina majina tisa kwa uzi mwekundu, lina mchanga wa bahari, linanuka samaki. Akaweka saini.

"Nitarudishiwa lini?" Sefania aliuliza.

"Kesi ikiisha. Miezi mitatu, minne."

"Sawa. Lakini nipeni leo tu, mama alifue vizuri, nitalirudisha kesho asubuhi."

Athumani alikuwa ameshafungua kabati la vielelezo. Alitamani swali lile angeulizwa mtu mwingine.

"Haliruhusiwi kufuliwa, Sefania. Hiyo harufu ndiyo ushahidi wenyewe."

Aliliweka shuka ndani, akafunga kabati kwa kufuli.